Aksoloti wa Malindi na mimea ya kumtilia

Swali: Shikamoo Bi. Niko Malindi, mtaa wa Barani. Kaka yangu wa Nairobi aliniletea aksoloti wake, yule salamanda wa majini, likizo hii, akasema nikae naye kabisa. Nimemweka sebuleni kwenye tangi la kioo la lita 120. Chini nimetandaza kokoto nyeupe na kombe nilizookota ufuoni, juu kuna taa ya LED. Feni inapiga usiku na mchana lakini kipimajoto hakishuki chini ya nyuzi 28. Yeye anajificha tu nyuma ya filta. Nimeambiwa nitie mimea hai ndiyo atulie. Duka moja Mombasa lina anubia, kangaga ya Java, amazoni na mimea myekundu inayovutia sana, na jirani ananiambia mto Sabaki kuna majani ya bure. Nichukue ipi, na naipandaje?

Jibu: Marahaba mwanangu. La mimea nitakujibu kwa urefu, maana ndilo uliloniuliza. Lakini hiyo 28 uliyoitaja kwa kupita tu ndiyo habari yenyewe, na ikibaki hapo hakuna mmea utakaomfaa.

Aksoloti asili yake ni maziwa ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, karibu mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Ni juu kuliko Nairobi. Ni kiluwiluwi aliyekataa kukua: ndugu zake salamanda wengi huacha matamvua na kutoka majini, yeye huzeeka na matamvua yake yakiwa yamening'inia nje kama manyoya, na maisha yake yote yamo majini. Maji anayoyapenda ni ya nyuzi 16 hadi 18. Kwenye 20 anavumilia. Ukipita 24 anaanza kukataa chakula na ngozi inashika ukungu mweupe, na 28 mfululizo humuua pole pole. Tena maji ya moto hubeba hewa kidogo: ya nyuzi 18 yanaweza kushika kama miligramu 9.5 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 28 hayafiki 8. Huko kujificha kwake sehemu ni hiyo taa, kwa kuwa hana kope za kufumba, na sehemu ni joto.

Kwa hivyo, la kwanza: mrudishe Nairobi kwa kaka yako kwa muda. Usimlishe siku moja kabla. Mtie kwenye ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa, maji yamfunike vizuri, kisha ndoo uiingize ndani ya boksi la barafu kama lile la wavuvi, pembeni chupa mbili za barafu zilizozungushiwa kitambaa. Basi la usiku, usingoje jua. Akiwa huko muulize kaka yako kuhusu karatasi zake, kwa sababu aksoloti amo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na wa KWS, shirika la wanyamapori, wakiuliza ni vizuri uwe na la kuonyesha.

Utaniona mkali, lakini kuondoka kwake kunakupa wiki saba hivi za kutengeneza tangi bila kumtesa, na kwenye wiki hizo joto letu hili la Malindi, kwa mara moja katika maisha yake, litakufanyia kazi. Nitafika hapo.

Feni achana nayo. Feni hupoza maji kwa kuyakausha juu, na hewa yetu ya pwani imeshiba maji tayari, haina pa kuyapeleka. Mtungi wa bibi yako ulipoza maji ya kunywa kwa njia hiyo hiyo, na hata huo haukutoa maji ya nyuzi 18 mwezi wa Machi. Chupa za barafu nazo ni za dharura tu: piga hesabu kwamba lita moja ya barafu hushusha lita 100 za maji kwa kama nyuzi moja, na kabla hujamaliza kuswali isha nyuzi hiyo imesharudi. Utahitaji mashine ya kupoza maji, ile ya kuungwa na pampu. Ni ghali na inakula stima, nami siwezi kukudanganya kwamba ipo njia nyingine hapa kwetu. Kama bei yake haiwezekani, mwache mnyama akae Nairobi, na wewe fuga samaki wa maji ya moto, utaweka hata hiyo mimea myekundu.

Tuseme mashine imepatikana. Sasa mimea.

Wengi huchagua mmea kwa sura yake dukani, halafu wanashangaa unakufa. Kwa aksoloti mmea unaulizwa maswali matatu: utaishi kwenye baridi ya nyuzi 18? Utaishi kwenye mwanga hafifu? Na utaishi bila udongo? La tatu linatokana na namna anavyokula. Aksoloti haumi chakula, anafungua kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na kila kilichomo. Kokoto zako nyeupe ni za ukubwa ule ule wa kuingia kinywani na kukwama tumboni. Zitoe zote leo. Kombe pia zitoe. Huyeyusha chokaa na kuongeza ugumu wa maji, ingawa hilo aksoloti analistahimili kuliko samaki wengi. Zaidi nachukia kingo zake, matamvua hayo huchanika kama karatasi ya sigara. Chini kibaki kioo kitupu, au mchanga laini kabisa, wa kina cha sentimita mbili tatu. Usiende kuuchota ufuoni, una chumvi na vipande vya kombe. Mimi kwangu ni kioo kitupu, kinyesi nakiona na kukinyonya kwa mpira bila kutafuta.

Ukiuliza maswali hayo matatu, kwenye orodha ya duka lako inabaki kangaga ya Java na anubia. Hizo ndizo za kununua kwanza, na kangaga kabla ya anubia, kwa kuwa kwenye baridi anubia hukua kwa mwendo wa kobe. Haifi, lakini jani jipya utalingoja wiki kadhaa. Faida yake ni kwamba majani yake ni magumu kama ngozi, na aksoloti wa sentimita 25 akijibwaga juu yake halivunjiki.

Zote mbili zina shina nene la kulala, mfano wa tangawizi, majani yakitokea juu yake na mizizi chini. Hilo shina halifukiwi. Mwaka wangu wa kwanza muuzaji mmoja aliniambia nilifukie kabisa ndio lishike, nami nikatii. Wiki ya tatu nikagusa jani likanijia mkononi peke yake, nikalivuta la pili nalo likaja. Nilipofukua, shina lilikuwa tepetepe kama ndizi iliyosahauliwa mfukoni, na harufu yake nyumba nzima iliijua.

Namna ya kuipanda ni hii. Tafuta jiwe la mviringo lililolainika, kubwa kuliko kichwa cha mnyama mwenyewe asije akalijaribu kulimeza. Si jiwe la matumbawe, lina makali. Lisugue na ulichemshe. Weka shina juu ya jiwe, mizizi ikitazama chini. Ukiona mizizi ni mirefu mno ikate ibaki kama urefu wa kidole gumba, itaota mingine. Chukua uzi mweusi wa pamba wa cherehani, uzungushe mara nne au tano ukiupitisha katikati ya majani, ukaze kiasi cha shina kutocheza lakini usilikate. Funga fundo upande wa chini. Baada ya wiki kadhaa uzi wa pamba utaoza wenyewe, na kufikia hapo mizizi imeshalikumbatia jiwe. Wapo wanaotumia mshipi wa kuvulia. Mimi sitaki, kwa sababu mshipi hauozi, na ukilegea unakuwa kitanzi cha kunasa kidole cha mnyama asiye na kucha wala magamba. Ile gundi ya supagluu ya jeli nayo inafaa, tone moja tu kwenye shina lililokaushwa kwa kitambaa.

Kangaga ikikaa vizuri, chini ya majani utaona vidoa vya kahawia vilivyojipanga. Wasomaji wengi huniandikia hapo wakidhani ni ugonjwa, wanakata. Ni spora, chembe zake za kuzaana, ndivyo kangaga nyingi zilivyo. Na kwenye ncha za majani makuukuu hutoka vijimche vidogo vyenye mizizi yao. Viache vikue hadi urefu wa kidole, vichomoe, vifunge kwenye jiwe jingine. Kwa namna hiyo mche mmoja wa kununua utakupa msitu bila kurudi Mombasa.

Mawe hayo yapange kwa akili. Moja au mawili yakae mbele ya mdomo wa filta yanapotokea maji, yavunje mkondo, maana aksoloti ni wa maji yaliyotulia na mkondo ukimpiga matamvua hukunjika kwenda mbele. Mengine yakae upande mmoja wa tangi yakiwa yamekaribiana, hapo ndipo atakapolala mchana. Upande wa pili uache mtupu. Wanaojaza mimea kila kona wanasahau chakula: nyungunyungu akishajipenyeza kwenye majani haonekani tena, anafia humo, na maji yanaharibika. Mpe chakula kila mara kwenye ile kona tupu, utashangaa jinsi anavyoijua.

Juu ya maji, tafuta mmea unaoitwa honwoti. Hauna mizizi kabisa. Ni kamba ndefu ya kijani yenye sindano laini pande zote, inaelea, inakua haraka na kunyonya amonia, ile sumu inayotoka kwenye kinyesi. Baridi haiisumbui, tena inafunika taa. Lakini ina tabia moja mbaya: ukiihamisha kutoka maji ya dukani ya nyuzi 28 ukaitumbukiza kwenye nyuzi 18, ndani ya siku chache humwaga sindano zote, na asubuhi unakuta filta imeziba na vijiti vitupu vinaelea. Watu huitupa wakidhani imekufa. Ushushe joto nayo ikiwa ndani, taratibu, haitafanya hivyo. Elodea nayo ni ya kundi hilo, na baridi kwake ni neema kuliko joto. Ukiipata mahali chukua.

Mosi ya Java, kimea kifupi cha kijani kinachotanda kama zulia, inafungwa kwenye mawe vile vile, ni nzuri, ila inakusanya uchafu na utakuwa unaitoa kuikamua kama sponji. Valisineria, yale majani marefu kama utepe, inavumilia baridi lakini inataka mizizi yake chini. Ukiitaka sana ipande kwenye chungu kidogo cha udongo chenye mchanga laini na juu ufunike kwa mawe ya ukubwa wa yai, la sivyo usiku mmoja ataing'oa yote akitembea.

Amazoni usinunue. Ina mizizi mingi kama mchicha, inataka udongo wenye rutuba na maji ya moto. Mimea myekundu ndiyo kabisa: wekundu wake unatokana na mwanga mkali na gesi ya kaboni inayotiwa kwa mtungi, na vyote viwili mnyama wako havimfai. Ukiizimia taa itakuwa ya kahawia, kisha hakuna.

Na majani ya Sabaki. Jirani yako ana nia njema, na ni kweli honwoti yenyewe humea porini nchini kwetu. Acha mamba na viboko, hao unawajua. Kwenye maji yaliyotulia kando ya mto na kwenye vidimbwi kuna konokono wabebao kichocho, na mtu huambukizwa kwa kuingiza tu mkono au mguu majini. Konokono mmoja akija na majani ndani ya ndoo yako anaendelea kumwaga vijidudu hivyo sebuleni. Kwa upande wa mnyama kuna ukungu wa ngozi unaoua vyura duniani, unaosafiri na maji na majani mabichi, na yeye ni wa ukoo huo huo. Cha bure hicho ni ghali. Kama unataka kuagiza mche kutoka nje ya nchi nayo si ya kubeba mfukoni, inapitia KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea.

Hata mimea ya duka haiingii moja kwa moja. Igeuze jani kwa jani, upande wa chini tafuta vitone vya ute kama ukucha wa mtoto, hayo ni mayai ya konokono, yafute kwa kidole. Kangaga na anubia unaweza kuzizamisha kwenye maji yenye Jik, sehemu moja kwa sehemu 20 za maji, dakika mbili na si zaidi, kisha suuza sana na uziloweke kwenye maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Mosi na honwoti usizipeleke huko, Jik itaziua. Hizo ni za kusuuza na kuzitazama tu. Halafu zote zikae kwenye ndoo nyeupe wiki tatu, kivulini, ukibadilisha maji kila siku tatu nne. Weupe wa ndoo ni wa kukuonyesha kinachotambaa.

Wakati mimea iko kwenye ndoo, tangi liwe linafanya kazi tupu. Hapa ndipo joto letu linapofaa. Filta haina faida mpaka bakteria wa kula amonia wajenge makao kwenye sponji yake, na bakteria hao huzaana haraka kwenye joto na kujikokota kwenye baridi. Nairobi ungengoja sana. Wewe usiwashe mashine ya baridi bado. Jaza maji, tia dawa ya kuondoa klorini kwa sababu maji ya mfereji wetu kutoka Baricho yametiwa klorini, chagua dawa isiyo na shubiri ndani yake, kisha kila siku tupa chembe ya chakula cha samaki kioze. Pima kwa vifaa vya kupimia maji. Amonia itapanda, halafu nitriti, sumu ya pili ambayo bakteria huitoa kwenye amonia, halafu zote mbili zitashuka hadi sifuri na kubaki nitrati, ambayo haina ukali huo. Wiki ya nne hivi ingiza mimea, maji yakiwa bado ya moto, ijishike.

Zote zikitulia, washa mashine na uishushe nyuzi moja kwa siku. Kutoka 28 hadi 18 ni siku kumi. Mimea, bakteria na mashine vyote vinazoea pamoja. Pima tena baada ya hapo, kwa kuwa baridi huwapunguzia bakteria kasi, na ukiona amonia imechungulia ngoja wiki moja zaidi kabla ya kumwita mwenyewe.

Jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia mimi: kioo kitatoka jasho. Hewa ya sebuleni ikigusa kioo cha nyuzi 18 inageuka maji, yanatiririka, na mara ya kwanza niliamka nikadhani tangi limepasuka. Meza yangu ya mbao ilivimba ubao mzima. Tafuta ile fomu nyeupe, povu gumu la kufungia vitu, inayokuja na friji au televisheni, ikate, uibandike nyuma, pembeni na chini ya tangi. Mbele tu ndipo pabaki wazi, hapo weka taulo. Fomu hiyo inaipunguzia mashine kazi, na wakati wa kaskazi utaiona tofauti kwenye bili ya stima, na pia inatia giza pembeni, jambo ambalo mnyama na kangaga wote wanalipenda. Mashine yenyewe inatoa hewa ya moto nyuma yake, isiielekee tangi.

Taa saa sita kwa siku zinatosha, hafifu, ikichujwa na honwoti. Usiliweke tangi karibu na dirisha. Mbolea za maji za dukani usitie, nyingi zina shaba na shaba kwa amfibia ni sumu. Kinyesi chake ni mbolea tosha. Ila mimea haikuondolei kazi ya kubadilisha maji: toa robo ya tangi kila wiki, na maji mapya yapoze kwanza kwa chupa za barafu, hapo ndipo zinapofaa. Na siku akipata ukungu ukaambiwa umwogeshe kwa maji ya chumvi, mwogeshee kwenye beseni pembeni, chumvi ndani ya tangi itaiua mosi kabla ya ukungu.

Honwoti itakapokua utakuwa unaipunguza karibu kila wiki. Mabaki usiyatupe mferejini, mtoni wala kwenye kisima cha jirani. Miaka ya 1990 gugumaji, mmea wa kigeni ambao nao watu waliupenda kwa maua yake, lilifunika Ghuba ya Winam huko Ziwa Victoria hadi mashua zikashindwa kutoka. Yaanike juani siku mbili yakauke kabisa, uyatie chini ya mgomba.